Daftari la Wino

Kila asubuhi mwalimu wa hali ya hewa na bahari hukigonga kioo cha kipimahewa kwa ukucha, mara mbili, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kisha huandika daftarini, kwa wino. Penseli haitaki kabisa. Hapa Korogwe ya Zamani anawafundisha vijana kumi na wawili watakaokuwa maofisa wa meli za taifa, na kumi na mmoja hawajaiona bahari. Bahari yao ni chupa: chini maji ya chumvi yaliyotiwa wino, juu maji ya mto Pangani, naye huiinua polepole yasichanganyike. Husema kwa sauti ya chini mpaka mtu ainame kumsikia.

Juzi alitabiri jua, kijiji kikaanika mahindi ya shamba la ujamaa. Mvua ikamwagika. Mwalimu alibeba magunia pamoja nao, kalowa chapachapa, na bado nusu ya mahindi ikaharibika. Aliporudi darasani akaandika daftarini mbele ya wanafunzi: "Nilikosea. Sikuwauliza wenyeji."

"Si uuchane tu huo ukurasa, mwalimu?" akasema Mwinjuma, mmoja wa wale vijana, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Kang'ata.

"Melini ukiuchana, anayekupokea zamu ndiye atakayezama."

Mwinjuma akaomba kalamu. Chini ya mstari wa mwalimu akaandika: "Mawingu niliyaona. Niliona haya kusema."

Mwalimu akaupuliza wino ule mpaka ukakauka. Kesho yake, kabla hajakigusa kioo, alimgeukia Mwinjuma. "Haya, unaona nini leo?"