Leso ya Makhanu

Trela za miwa zilijaa uani, miwa inachacha, na maabara ya kiwanda ilikuwa kimya. Navalayo alichomoa na kuchomeka nyaya za vipimo mpaka vidole vikamuuma. Kompyuta haikubali kazi mpaka kila mashine kwenye waya mmoja unaoziunganisha zote iitikie kwamba iko tayari. Moja ikinyamaza, zote zinakwama. Sasa ni ipi, jamani?

"Mizani, uko tayari? Kipima sukari, je? Semeni, washenzi nyinyi!" alifoka, machozi yakimlengalenga.

Ndipo akaiona leso kule pembeni, juu ya mashine iliyozimwa. Walipotoka kumzika Makhanu, fundi mwenzake, ni yeye mwenyewe aliyeizima mashine ya marehemu na kuifunika leso yake kwa heshima. Lakini hakuichomoa kwenye ule waya wa pamoja.

Mashine zote zilikuwa zikimngoja Makhanu aitikie.