Vikopo Sita vya Toniki, kutoka Jinja hadi Hurlingham

Niliondoka Jinja kwa sababu ya glasi moja ambayo Mama Prossy alinirudishia juu ya kaunta.

Mama Prossy ana hoteli karibu na mto Nile, na ndiye mteja wangu mkubwa. Mimi humuuzia toniki, ile soda chungu ya kuchanganyia pombe ya jini. Uganda hatuna bahari, kwa hiyo vikopo hushuka Mombasa, hulala kwa muagizaji Nairobi, kisha hupanda lori hadi kwangu.

"Maina ssebo, onja," aliniambia. Ssebo ni "bwana" kwa Kiganda, ila yeye ni mzaliwa wa Busia, Kiswahili anakijua. "Hii ni toniki au ni maji ya kusuuzia glasi?"

Nikaonja. Haikuwa na gesi hata kidogo.

"Jumamosi namwoza Prossy. Wakwe watakuwa na glasi mkononi, wananitazama mimi. Ukiniletea hii tena, nahamia kwa yule mwingine, na sirudi."

Sisi tusio na bahari tuna mazoea ya kulaumu njia. Sukari ikiganda, ni njia. Betri ikifa, ni njia. Nikaamua kwamba ama muagizaji ananipa mzigo mbovu, ama lori lilikaa mno juani pale mpakani. Nikatia mkobani vikopo sita vya mzigo uleule, niende nikavifungue mbele ya macho ya muagizaji. Na nilikuwa nimeikumbuka Nairobi, nilikokulia. Mimi huhitaji sababu ndogo tu ili nisafiri.

Jumanne alfajiri nilipanda basi. Pale Busia afisa wa forodha alichungulia mkoba wangu. "Wenzako wanatoa soda Kenya, wewe unairudisha?"

"Naenda kuishtaki," nikamwambia. Akacheka, akanigongea muhuri.

Baada ya Kericho hewa ilibadilika. Kufika Kimende, ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na wauza karoti walikuwa wamejifunga blanketi. Baridi hii ya Julai nilikuwa nimeisahau. Nilifungua dirisha ili niinuse, abiria wa nyuma yangu akanigombeza nikalifunga.

Jioni tulishushwa karibu na River Road. Nilizunguka kidogo katikati ya jiji nikitafuta duka niliponunuliwa viatu vyangu vya kwanza vya shule. Sasa ni vibanda vya simu, vimebanana ndani ya chumba kimoja. Nikachukua teksi hadi Kabiria, kwa Tata Wanjiru, dada wa marehemu baba. Pale tulipokuwa tukikata majani ya nepia ya ng'ombe pamesimama ghorofa, na nguo zimeanikwa hadi juu.

"Umekonda," Tata akanisalimu hivyo. "Kwani huko Uganda ndizi zimeisha?" Kisha akaviona vikopo. "Na hiyo ni nini?"

"Soda ya watu wa hoteli, Tata. Ni chungu."

"Lete nionje. Lakini itoe baridi kwanza, sitaki kifua."

Nyumbani kwetu soda haikunywewa baridi. Muuzaji akiuliza "moto au baridi?" sisi tulijibu moto kabla hajamaliza. Tata akakilaza kikopo ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, kama alivyofanya na soda zetu kila Krismasi nilipokuwa mdogo. Nilipokifungua, povu liliruka hadi shatini na kulowesha kitambaa cha meza.

"Maina! Hii ni soda ama ni sabuni ya unga?"

Kilichobaki nikakimimina glasini. Kilikuwa kimelala vilevile kama cha Mama Prossy. Tata akaonja, akakunja uso. "Na kuna watu hulipia hii?"

Nilicheka naye, ila moyoni nilikwisha kumpoteza Mama Prossy. Vikopo vitano nikavipanga dirishani, nikaenda kulala.

Jumatano asubuhi nilikuwa Hurlingham, ofisini kwa Anyango, muagizaji wangu.

"Niaje Maina! Umekuja mwenyewe? Si ungepiga tu simu?"

"Simu haionyeshi gesi," nikamjibu, nikatoa kikopo na kukifungua kwa hasira.

Kikalia tsss. Nikamimina. Viputo vikapanda kutoka chini ya glasi, vikaendelea kupanda, wala havikuwa na haraka ya kwisha. Nikafungua cha pili. Hali ileile.

Anyango akaitazama glasi, akanitazama mimi. "Sasa umetoka Jinja kuja kuniambia toniki yangu iko sawa?"

Nilipiga hesabu. Njia ni ileile, mkoba ni uleule. Hivi vilikuwa vimelala dirishani kwenye baridi ya Kabiria. Kile cha jana kilikuwa kimetoka kwenye sufuria. Nikamsimulia habari za Tata, akacheka mpaka akashika meza.

"Na stoo yako iko aje?"

"Ya mabati."

"Na huyo mama wa hoteli?"

"Anavipanga rafuni nyuma ya kaunta, vionekane. Barafu anatia kwenye glasi."

"Si basi! Ikiwa na joto, gesi yote inatoroka ukifungua tu. Barafu itafanya nini hapo?"

Mchana alinipeleka kula Westlands. Tulikaa kwenye foleni ya magari hadi njaa ikanyamaza. Mhudumu alimuuliza kila aliyeagiza soda, "Moto ama baridi?" Nikaagiza toniki moto, nimpime.

"Toniki haina moto, mzee wangu. Ukitaka moto nikuletee chai."

Alhamisi nilirudi nikiwa mwepesi. Tata alinifungia maparachichi, na usingizi ulinichukua kabla ya Naivasha, jambo ambalo halinitokei safarini.

Ijumaa asubuhi nilifika kwa Mama Prossy mikono mitupu. Akaniangalia vibaya. Nikamwomba ruhusa, nikachukua vikopo viwili kutoka rafu yake mwenyewe, nikavisukuma kwenye friji katikati ya samaki. Tukazungumza mambo ya harusi, viti na mahema, hadi vikapoa vizuri. Kisha nikamimina.

Aliinama, akasikiliza, akanywa. Akanywa tena. "Eh! Sasa hii ndiyo toniki. Kumbe Nairobi walikuwa wamekuficha mzigo mzuri!"

"Mama, hiki ni cha rafuni kwako. Umeniona nikikichukua."

Aliitazama rafu yake. Kisha akageukia jikoni na kupaza sauti: "Toeni samaki wote kwenye friji!"

Basi nimejifunza kwamba barabara niliyoilaumu miaka yote hii haikuwa na kosa. Ilileta kila kitu salama hadi mlangoni, kilichoharibika kiliharibikia mikononi mwetu.

Jumamosi wakwe walishika glasi zao, na hakuna aliyerudisha hata moja. Mimi nilikaa meza ya nyuma kabisa. Msichana wa kuhudumia akanijia na soda ya machungwa. "Moto au baridi?"

"Moto," nikamjibu kabla hajamaliza.