Nilimkataza mama wa usafi kugusa server, program ikagoma siku nne

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hiki kisa ni changu mwenyewe, chumvi sijaongeza, na aibu yake nimeibeba hadi leo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi Mpanda, enzi hizo bado iko Rukwa. Mradi wa kilimo, kompyuta tano na server moja. Kwenye chumba cha server unavua viatu mlangoni, usilete vumbi.

Ndani ya server kulikuwa na program tamu sana. Kila asubuhi inapita kompyuta zote inarudisha settings. Ukivuruga printer leo, kesho imeshakaa sawa.

Mimi sasa, kijana wa Dar, cheti mkononi, kichwa kikubwa. Siku ya kwanza namkuta Mama Jeni, mama wa usafi, kainamia keyboard na kitambaa chake. Nikawaka! Nikafunga chumba, funguo mfukoni.

Kesho yake program haikurun.

Nikasoma script, yaani maagizo ya hiyo program, mstari kwa mstari. Nikabadili waya. Nikaformat, yaani nikafuta kila kitu, kwenye kompyuta mbili zisizo na kosa lolote (msiniulize).

Siku ya nne ya mgomo, hakuna anayeprint, na maombi ya mbegu ya wakulima wa Sibwesa na Kasekese yamekwama. Nipo probation, bado najaribiwa kazi, na boss kanitamkia mbele ya watu: "Mpaka kesho isipofanya kazi, panda treni urudi kwenu."

Wakuu, machozi yalinilenga.

Mama Jeni akaniletea chai, akanitazama.

"Mwanangu, tarehe umeiambia?"

"Tarehe gani, mama?"

"Jenereta la ofisi likizimwa jioni, hiyo server inasahau. Ikiamka inasema mwaka themanini. Fundi aliyepita alinifundisha. Kila asubuhi nasikiliza redio, naiambia tarehe na saa, ndiyo nafuta vumbi. Si ulisema nisiguse?"

Nikakimbia kuangalia. 1980!

Betri ndogo ya ndani ya server, inayotunza tarehe umeme ukikatika, ilishakufa zamani, na ile program ikiona tarehe imerudi nyuma inagoma kabisa.

Nikampa funguo. Akavua kandambili, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu. Nikaiwasha program, na muda si mrefu printer ikaanza kutoa maombi ya mbegu. Ofisi nzima makofi. Boss akanipa mkono, nikamwelekeza kwa Mama Jeni.

Funzo: kabla hujaumiza kichwa na script, muulize anayefagia chumba.

Betri mpya ilifika miezi kadhaa baadaye, nikaiweka. Ila Mama Jeni aliendelea kuingia kila asubuhi kuikagua tarehe, na funguo alikaa nazo yeye.

Haya, na nyie wajuaji wenzangu, nani aliwahi kuwaokoa kazini? Mwageni hapa tucheke wote.