Nyayo Mbele ya Mkwe

Watu hudhani fundi cherehani hushona kwa mikono. Hamadi wa Simi-Simi alijua anashona kwa miguu, maana mashine yake ilikuwa ya kukanyaga. Ndiyo maana, tangu alipoanguka kutoka juu ya mzigo wa lori njia ya Bafwasende, alikuwa na swali moja tu: miguu itarudi?

Daktari alimwonyesha picha. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imepasuka na kubana mishipa ya fahamu, ila haikuhama mahali pake. Kwa hiyo hawatampasua. Atalala kwenye godoro gumu bila kuketi mpaka mfupa ushike, na kugeuzwa atageuzwa mwili mzima kwa mara moja, kama gogo. Kuhusu miguu, daktari hakutaka kumdanganya.

Kila asubuhi Émile, tabibu wa viungo, alimfunga macho kwa kitambaa na kumgusa vidole vya miguu kwa pamba. Hamadi alivitaja kimoja kimoja bila kukosea. Akiambiwa avisogeze, wapi! Jambo hilo lilimshangaza hata akasahau kulia. Iweje habari zipande mpaka kichwani na amri zishindwe kushuka? Alimchosha Émile wa watu kwa maswali.

Siku moja baba mkwe wake, Papa Aboubakar, akavuka mto kutoka Lubunga kuja kumjulia hali. Mkwe kwao hapokelewi kwa kulala. Hamadi aliposikia sauti yake mlangoni, alishika kingo za kitanda ainuke. Mkewe Zaina akamdaka mabega, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Karima, usiikale. Mufupa haiyashika."

Akalala. Lakini katika purukushani ile shuka lilikuwa limeteleza, na nyayo zake tupu zikabaki zimemwelekea mzee. Aibu ikamwenea mwili mzima. Akasahau kwamba hawezi, akataka tu kuzivuta azifiche.

Papa Aboubakar, aliyekuwa ameinamisha macho kwa heshima, akaganda akitazama miguu ile.

"Kidole kubwa imecheza," alisema polepole. "Zaina, angalia. Hamadi, vuta tena."

Hamadi akavuta. Kidole kikajikunja, kidogo mno, kisha kikatulia. Zaina akaziba mdomo kwa kitenge, machozi yakimtoka.

Mzee akachukua kiti, akakiweka miguuni pa kitanda, akaketi akizikabili nyayo za mkwewe.

"Bon," alisema. "Nitakuya kila siku. Wewe unionee tu haya."