Majani Ambayo Mama Hakuweza Kuyataja

Mama alitibu watu kwa majani kijijini kwetu, Butiama. Wagonjwa walimfuata hata kutoka Buhemba. Mimi mwanawe nilisomea dawa za hospitali, nikafungua duka la dawa Nyasho, mjini Musoma. Mara kwa mara aliniomba nikaandike majina ya mimea yake. "Nitakuja, mama, nikipata nafasi." Miaka ikaenda.

Asubuhi moja alianguka jikoni. Shangazi akanipigia simu: mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki.

"Kodini gari, shangazi! Mleteni hospitali sasa hivi!"

"Tumemchemshia dawa yake mwenyewe. Si anawaponyeshaga watu? Tusubiri kidogo."

Walimfikisha jioni. Daktari alimpima, akanitazama. "Ni kiharusi. Kila saa inayopita ubongo unazidi kufa. Mlikuwa wapi mchana kutwa?"

Nikamchukua nyumbani kwangu. Upande wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yote yamempotea. Wakati huo nilisoma kwamba wanasayansi wanachunguza mimea fulani kuona kama inaweza kuukinga ubongo baada ya kiharusi. Bado hawajathibitisha, lakini nilikumbuka mzee mmoja, jirani yetu, aliyepooza, ambaye mama alimhudumia mpaka akatembea tena. Alimpa nini?

Nikaenda Butiama, nikachuma kila nilichowahi kumwona akichuma. Niliporudi nikayatandaza majani juu ya kitanda chake, nikawa nanyanyua moja moja.

"Ni hili, mama? Au hili?"

Alichukua moja kwa mkono wa kushoto, akalinusa, akafumba macho. Alilijua. Akafungua mdomo: "Ta... ta..." Nikampa lingine. "Ta... ta..." Lilipofika la tano akaanza kulia, akayasukuma yote yakaanguka sakafuni. Nikapiga magoti kuyaokota.

Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya mavuno.

Siku ya mazishi, huko Butiama, mwanamke mmoja kutoka Bunda alinivuta pembeni. "Pole, mwanangu. Ile dawa aliyokuwa akimpa binti yangu, ni majani gani?"

"Sijui, mama."

"Hakukufundisha?"

"Alitaka. Mimi ndiye nisiyekuja."

Akanishika mkono, tukasimama pale mpaka wachimba kaburi walipomaliza kufukia.