Mtunza Mihadasi

Karani wa maktaba alikuwa amemzoea mtunza bustani kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Kila asubuhi, chini ya dirisha lake, mzee alifika kwenye uzio wa mihadasi, akachuma jani moja, akaliinua kwenye mwanga ili aone vile vitone vidogo vya mafuta, kisha akalisugua kwa vidole vyenye sugu na kulinusa huku amefumba macho. Mpita njia akisimama, mzee alimwonyesha jinsi majani yanavyoota mawili mawili, yakitazamana, "kama mke na mume mezani," na jinsi ua jeupe la mhadasi lilivyo na petali tano na nyuzi tele katikati. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa.

Mwaka huu mizizi ilioza. Mzee alikwangua gome kwa ukucha, shina baada ya shina, akitafuta ubichi, na kila mahali akakuta rangi ya kahawia. Siku barua ya uongozi wa maktaba kuhusu uzio ilipotoka, karani aliteremka kumpa habari. Akamkuta anamwagilia.

"Mzee wangu, wameamua mihadasi yote ing'olewe."

"Najua, mwanangu. Shina la mwisho nililikwangua juzi. Limekufa."

"Sasa mbona unamwagilia?"

Mzee aliendelea kuinamisha kopo mpaka maji yakaisha.

"Nikiacha, mikono hii nitaipeleka wapi?"