Nilivyokwangua galaksi za baba mkwe nikidhani ni uchafu

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nazipokea zote, maana huenda mimi ndiye mzee kuliko wote humu.

Wallahi sitii chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipendelea.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa studio ya picha hapa Tanga mjini. Kazi yangu ilikuwa kusafisha negativu za kioo, vile vioo ambavyo picha huchapwa kutokana navyo. Chunusi, vumbi, mikunjo, vyote nilikwangua kwa ncha ya wembe. Mabibi harusi wa mtaa wa Mabawa walitoka kwangu hawana hata kipele.

Siku moja akaingia Mwalimu wa Pongwe. Huyu ndiye niliyempelekea barua ya kumposa binti yake Zaina, na jibu lilikuwa bado. Mtaelewa nilivyoshika wembe kwa adabu!

Alileta kioo alichoachiwa na mzungu mmoja mpenda nyota.

"Ni picha ya mbinguni hii, mwanangu. Ichape kubwa, niwaonyeshe wanafunzi."

"Ondoa shaka, Mwalimu."

Sikuuliza hata swali moja. Fundi anauliza?

Nikakiweka kwenye mwanga. Katikati kulikuwa na doa kubwa lenye umbo la dengu, ufito umelikata. Pembeni madoa madogo tele. Nikasikitika, mzungu mzima anatunza kioo kichafu hivi!

Nilikwangua asubuhi nzima. Madoa yote nikayaondoa. Ule ufito nikaona ni mchubuko, nao nikauziba kwa penseli. Likabaki dengu moja safi, peke yake. Nilijipongeza, jamani, na harusi nikaanza kuiota.

Mwalimu aliporudi aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Wenzake wako wapi?"

"Wenzake nani, Mwalimu?"

"Lahaula! Kila kidoa kile kilikuwa galaksi, mkusanyiko wa nyota zisizo na idadi. Hii ya katikati ilikaa nazo kundi moja. Na ufito wake je, lile vumbi la angani lililoikata katikati?"

Kioo kilikuwa kimoja tu, na kilichokwanguliwa hakirudi. Nikajua posa imekwenda na maji.

Mwalimu akakaa kitini. Kisha akasema, "Zaina wangu ana kovu la moto shavuni. Nikikuoza, nalo utalikwangua?"

Nikaropoka, "Hilo hapana, Mwalimu. Hilo ndilo lililonifanya nimtazame mara ya pili."

Nikajiuma ulimi. Kumwambia baba mtu umemkodolea macho bintiye! Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mwalimu akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Basi macho unayo. Ila kesho uje shuleni, uwaambie watoto ulivyofuta mbingu."

Nilikwenda, nikachekwa ipasavyo. Wiki iliyofuata jibu la posa likaja, nami nikalia kwa furaha, sifichi.

Funzo, wakuu: usichokijua kiulizie kabla hujakisafisha. Kuuliza si ujinga, ingawa mimi ilinigharimu mbingu nzima kulijua hilo.

Zaina kasoma uzi huu, anasema niongeze kwamba yeye alinikubali kabla ya baba yake. Nimeongeza.

Haya, uwanja wenu. Nani humu amewahi kutupa uchafu, kumbe ndio mali yenyewe?